Zinki Nzima ya Tangi la Pili

Tarehe 8 Januari

Fomu ya ukaguzi wa kutu ina visanduku vitatu tu: nzima, inafaa, mbovu. Hakuna kisanduku cha ajabu. Mwaka jana nilijaribu kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, "kwa nini kutu imeanzia juu badala ya chini?" Msimamizi akanirudishia fomu, akaniambia nisimchafulie karatasi. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Humu nitauliza ninavyotaka na hakuna wa kunirudishia.

Leo msimu wa joto umeanza rasmi, maana shati limenigandia mgongoni saa mbili asubuhi. Kwetu kiwandani joto lina maana moja: mji unakunywa zaidi, na sisi tunaogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa hatupumui. Maji yakitoka baharini hupita kwanza katika matangi manne ya chuma, kila moja kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, yakaacha humo mchanga na majani yake. Kisha ndipo yanaposukumwa kwenye mitambo ya kutoa chumvi. Watu wa mitambo ile hutembea vifua mbele. Sisi wa matangi tunatembea na matambara mfukoni. Lakini chuma na maji ya bahari hawapatani hata siku moja, na kazi yetu ni kuwasuluhisha.

Kila msimu tunafunga tangi moja moja: tunalimwaga, tunalikagua, tunaziba palipochubuka, tunalirudisha kazini. Mkaguzi ni mimi. Niliingia hapa miaka minne iliyopita kama mpaka rangi, ukaguzi nikaupata mwaka juzi. Wenzangu wananiita Bibi Kwa Nini, na wanadhani sijui.

Tarehe 9 Januari

Nimeuliza kwa nini feni ya ofisini inaelekea kwenye meza ya msimamizi tu. Sijajibiwa.

Tarehe 11 Januari

Tangi la kwanza limefunguliwa. Tundu la kuingilia, ambalo ndilo mlango wetu, lina upana wa mabega yangu na kidogo tu cha kubaki. Unaingiza mikono, kichwa, halafu unajivuta. Ndani kuna harufu ya bahari iliyofungiwa, na ukikohoa kikohozi kinakurudia mara tatu.

Nina mashine yenye sponji inayoloweshwa maji. Ukiipitisha juu ya rangi iliyo nzima inakaa kimya. Ikikuta tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, inapiga kelele. Leo imepiga kelele mara kumi na saba. Kila mara nilicheka peke yangu, sijui kwa nini. Nadhani ni kule kupata jibu palepale.

Halafu zinki. Vipande vinane ukubwa wa tofali, vimefungwa ukutani kwa bolti. Maji ya bahari yana njaa ya chuma, ila ukiyawekea zinki karibu, yanakula zinki kwanza. Basi tunayawekea chakula. Zinki za tangi la kwanza zimeliwa nusu, zimechimbika, zimejaa unga mweupe, mbaya hata kuzitazama. Nikaandika: zibadilishwe.

Mzee Brashi alikuwa ananisubiri kwenye tundu. Ndiye kiongozi wa wapaka rangi, miaka ishirini na miwili hapa, na goti la kulia linalomfanya aseme "ehe" kila akichutama.

"Umeona nini, binti?"

"Matundu kumi na saba, Mzee."

"Mwaka jana?"

"Kumi na manne."

"Basi linazeeka kwa adabu," akasema.

Huu ni msimu wake wa mwisho na brashi. Kiwanda kinafungua karakana ya kufundishia vijana ufundi wa rangi na kutu, na mwalimu atateuliwa kwa barua ya Mhandisi mwisho wa msimu. Mzee hajasema kwamba anaitaka nafasi hiyo. Lakini amenunua miwani ya kusomea, na mpaka rangi ana haja gani na miwani ya kusomea? Anaitaka mpaka inamuuma.

Tarehe 15 Januari

Tangi la pili. Tumelifungua na kulifunga kabla ya chakula cha mchana.

Msimamizi wetu tunamwita Spika, kwa sababu hahitaji simu. Leo alipigiwa na watu wa usambazaji kwamba mitaa ya mlimani mabomba yanatoa upepo. Akaja mbio. "Chungulia, andika, tufunge! Watu wana kiu!"

Nikachungulia kwa tochi kutoka mlangoni. Kuta nyeupe safi. Zinki zote nane nzima, pembe zake zimenyooka kama tofali jipya. Kadi iliyoning'inizwa mlangoni inasema rangi na zinki ziliwekwa miaka minne iliyopita, na chini kuna saini ya Mzee Brashi. Hazijabadilishwa tangu siku hiyo kwa sababu kila mwaka mtu amechungulia na kuandika nilichoandika mimi leo: nzima.

Spika aliwaita wote waje waone. "Hii ndiyo kazi! Mzee, tangi hili litaandikwa kwenye barua yako!" Mzee alitazama ndani kwa muda, akajikuna kidevu, akasema asante.

Mimi nilijieleza hivi: rangi isiyo na tundu haiyapi maji njia ya kufika kwenye chuma, kwa hiyo zinki inapumzika. Ni maelezo mazuri. Nimeyaandika hapa ili niyatazame.

Tarehe 16 Januari

Joto. Maji yetu nyumbani yalikatika asubuhi. Jirani ameniuliza mimi, kana kwamba bomba liko mfukoni mwangu.

Tarehe 18 Januari

Nakaa na mama mkwe tangu mume wangu ahamishiwe kazi ya mbali. Tunamwona mwisho wa mwezi tu. Mama hajui kiwanda kinafananaje, lakini kila jioni lazima nimweleze, na asipoelewa hanipi chakula kwanza. Leo alikuwa anamenya viazi, mimi namsimulia tangi la pili lilivyosifiwa.

"Hebu ngoja, mwanangu. Hiyo zinki si ndiyo chakula mlichoyawekea maji?"

"Ndiyo, mama. Inaliwa ili chuma kisiliwe."

"Na matangi mengine imeliwa?"

"Imeliwa, nusu."

"Na hili la sifa?"

"Nzima kabisa. Rangi yake ni nzuri sana, ndiyo maana haijaliwa."

Akaacha kumenya. "Hata kona?"

"Hata kona."

"Miaka minne?"

"Minne."

"Mimi nikipika nikaona sahani ya mgeni imerudi haijaguswa hata tonge moja, sisemi chakula changu kilikuwa kizuri sana. Nauliza mgeni amekula wapi."

Viazi viliiva, nikala, sikusikia ladha. Rangi hata iwe nzuri vipi, chini ya bolti na kwenye mishono ya chuma lazima pawe na tundu mahali fulani. Ilipaswa kuliwa angalau kona. Maji ya tangi la pili yanakula wapi?

Tarehe 19 Januari

Nimemwomba Spika tulifungue tena. Amecheka mpaka akashika ukuta. "Tangi bora ulifungue, tangi bovu ufanyeje? Ulioe?" Watu wote wamesikia, na wa ufukweni pia.

Nikamuuliza Mzee Brashi anaonaje. Akasema yeye haoni ubaya wa kuangalia. Halafu akasema pia haoni haraka. Sikumwelewa.

Tarehe 22 Januari

Nimepata njia ya kuangalia bila kufungua. Chuma kilicho ndani ya maji ya bahari kina umeme mdogo, usioweza kumshtua hata nzi. Ukizamisha kijiti cha kupimia kupitia tundu la juu na waya wa pili ukagusa ukuta wa tangi, mita inakuambia kama chuma kinalindwa. Ikipita mia nane, kimelindwa. Ikiwa chini, kiko peke yake.

Nimeazima mita kwa fundi umeme, nikapanda ngazi nne kwenye jua la saa sita. Tangi la kwanza, lenye zinki mpya: elfu moja na ishirini. La tatu: mia tisa na sitini. La nne: mia tisa na hamsini. La pili, tangi bora: mia sita na thelathini.

Nimerudia mara tano. Mara ya sita nimebadilisha betri. Mia sita na thelathini.

Namba hizo sikumpelekea Spika. Nimempelekea Mhandisi mwenyewe, mama mmoja mpole aliyekuja mwaka huu, ambaye husoma karatasi mara mbili kabla ya kukutazama. Alisoma mara tatu. "Litafunguliwa Ijumaa," akasema.

Tarehe 26 Januari, Ijumaa

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Safari hii sikuchungulia. Niliingia, nikapiga magoti, nikatambaa na tochi mpaka nyuma ya nguzo za chini, mahali ambapo mwanga wa mlangoni haufiki. Pale rangi ilikuwa na malengelenge. Mengine madogo kama punje ya mahindi, mengine sawa na kiganja. Nikatoboa moja kwa kisu. Maji meusi yakatiririka, na chini yake palikuwa na shimo ndani ya chuma chenyewe. Nikatoboa la pili. Shimo. Nimehesabu mashimo thelathini na moja. Ukuta wa tangi una unene wa milimita kumi na mbili. Mashimo mengi yameingia tatu, nne. Moja limeingia saba.

Kwa hiyo maji yalikuwa yanakula humu muda wote, kimya kimya, na sisi tukiwa mlangoni tunapiga makofi.

Ndipo nikazigeukia zinki. Nikakwangua moja kwa ncha ya kisu. Ngozi nyembamba ya kijivu ikainuka, ikajikunja. Chini yake zinki ilikuwa haijaliwa hata kidogo, kama imetoka dukani leo. Nikakwangua ya pili, ya tatu, zote nane. Zilikuwa zimepakwa ile rangi ya kijivu tunayoitanguliza chini ya nyeupe, ambayo kwa tochi huwezi kuitofautisha na zinki yenyewe. Mtu amekiwekea chakula kifuniko! Zinki iliyopakwa rangi haigusani na maji, na isiyogusana na maji haimlindi mtu yeyote.

Nitasema ukweli, kwa kuwa daftari ni langu. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Nilipiga kelele, "Nimekupata!" na tangi likanirudishia mara tatu. Halafu nikasikia Mzee Brashi anakohoa kule mlangoni, nikakumbuka saini iliyo kwenye kadi, na furaha ikanitoka.

Tarehe 27 Januari

Kikao ofisini kwa Mhandisi: yeye, Spika, Mzee Brashi, mimi. Mashimo yatajazwa kwa kulehemu, tangi lipakwe upya. Wiki tatu bila tangi la pili, joto lenyewe hili. Mitaa itapewa maji kwa zamu.

"Nani alizipaka zinki rangi?" Mhandisi akauliza.

Spika akaweka kadi mezani. Hakusema kitu, na kwa Spika hilo ni jambo kubwa.

"Saini ni yangu," akasema Mzee.

"Ulizipaka wewe?"

"Saini ni yangu, Mhandisi."

Akaulizwa mara ya tatu, akarudia yaleyale. Mhandisi akasema mtu anayepaka rangi zinki hawezi kupewa wanafunzi, na kwamba barua anaiweka kando. Mzee akaitika kwa kichwa, akatoka na goti lake.

Damu inanichemka. Miaka ishirini na miwili! Mtu anayejua kila bolti ya kiwanda hiki anafanya kosa ambalo hata mama mkwe wangu asingelifanya, halafu anajibu kama karani wa mlangoni. Nilimheshimu mno. Ningependa kujua ni mangapi mengine amefunika kwa rangi.

Tarehe 28 Januari

Zamu ya mtaa wetu: saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mama amejaza hata birika.

Tarehe 30 Januari

Wamelipua ukuta wa ndani, yaani wameupiga kwa changarawe inayorushwa na mashine ya upepo, mpaka chuma kikawa cheupe, kisafi, karibu cha kutamanisha. Nilikuwa nimesikia tu, leo nimeona: chuma kilicholipuliwa asubuhi, kufika saa sita kimeshaanza kugeuka rangi ya chungwa. Hakuna tone la maji lililokigusa. Ni hewa tu, na chumvi iliyo ndani yake. Nilikaa kwenye ndoo nikakitazama kinavyobadilika. Ningekuwa na muda ningekaa siku nzima.

Mzee Brashi ndiye anayesimamia matengenezo, maana hakuna mwingine anayeweza. Aliwafukuza wapaka rangi wote. "Lipueni tena. Rangi ndani ya saa tatu au tusipake kabisa." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida, "Chumvi hiyo ukiifunika na rangi, inakusubiri chini."

Nilimjibu kwa kifupi. Nilikuwa nataka kumuuliza mambo kumi kuhusu ile rangi ya chungwa na nikajinyima, kwa hasira.

Tarehe 2 Februari

Zinki nane za zamani zimefunguliwa, ziko kwenye meza ya stoo. Mhandisi alitaka picha za ripoti. Dirisha la stoo liko pembeni, mwanga unapita juu ya meza kwa mshazari, na kwa mwanga wa namna hiyo mistari ya brashi inaonekana yote.

Nikashangaa. Mzee Brashi haachi mistari. Jina lake limetoka huko: ukitazama kazi yake huwezi kujua brashi ilipita upande gani. Hizi zina mistari. Aliyezipaka alianza kuzungusha bolti mara mbili kwa uangalifu, halafu akavuta mivuto mirefu, na mwisho wa kila mvuto brashi imeruka kidogo kushoto. Huyu si Mzee, nikajiambia, na moyo ukanipaa. Nikaanza kuwapitisha wapaka rangi wote kichwani: yule huvuta kwa kwenda chini, yule hana subira ya kuzunguka bolti mara mbili.

Nikachukua brashi kavu ili nijue mkono wa namna gani unaruka vile. Nikaiweka juu ya mstari, nikavuta. Mkono wangu ukaufuata wenyewe, mpaka mwisho, ukaruka kushoto.

Nikavuta mstari wa pili. Ukaruka.

Nilikaa chini. Yakaja yote. Wiki yangu ya tatu kazini. Tangi limemalizika, wenzangu wamekwenda kula, mimi nimebaki ndani nafuta vumbi. Zile zinki zilikuwa zimefifia, zina unga unga, katikati ya kuta nyeupe zilizong'aa. Nikaona haya kwa niaba yao. Na kopo langu lilikuwa limebaki na rangi ya kijivu, kidogo, ya kutosha. Nilidhani nazilinda. Spika alipopita akasema, "Huyu mama mgeni ana usafi!" na nilitembea na sifa hiyo mwezi mzima.

Tarehe 3 Februari

Nimefua nguo zote, hata zilizo safi, hadi zamu ya maji ilipokwisha.

Tarehe 5 Februari

Spika ametangaza kwamba mwalimu wa karakana atatafutwa nje. Mzee Brashi ameanza kutoa vitu vyake kabatini, kimoja kimoja, kana kwamba hataki tuone. Nimejitia hamnazo. Nilipita mbele yake mara nne na karatasi mkononi. Karatasi haikuwa na kitu.

Nikisema, namwaga unga. Mkaguzi aliyeharibu tangi analolikagua! Naandika hivi nijione nilivyo: juzi juzi nilikuwa namchukia mtu kwa kosa, sasa nimejua kosa ni langu, na bado nimenyamaza.

Mama ameniuliza kama naumwa. Nikasema joto.

Tarehe 6 Februari

Nilipiga moyo konde nikaenda stoo. Mzee alikuwa anaosha brashi.

"Mzee, zile zinki nilizipaka mimi."

Hakugeuka. Aliendelea kuosha.

"Ulijua?"

"Sikujua ni nani. Nilijua si mimi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akakung'uta brashi, akaitundika, akachukua nyingine. "Binti, siku ile goti lilikuwa limevimba, limejaa kama pipa. Nilichungulia mlangoni, nikaona panang'aa, nikasaini. Sikuingia."

Nikalitazama goti lake.

"Kama wewe tarehe kumi na tano," akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Lakini ungewaambia hukupaka!"

"Wangeuliza, basi ulipoingia kukagua uliona nini? Ningejibu nini? Mpaka rangi mgeni akikosea, anafundishwa, yanaisha. Mwalimu asiyeingia ndani ni mwalimu wa nini? Nikaona heri wanione mpumbavu wa zinki kuliko wanione mvivu."

Kwa wiki nzima nilikuwa namtafutia maelezo, na hilo halikunijia hata mara moja. Nilimwona kwanza kuwa mtu asiyekosea, kisha kuwa mtu wa kufunika makosa. Kumbe ni mtu mwenye goti bovu na aibu, basi. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, yeye akajifanya anatafuta sabuni.

"Kesho nakwenda kwa Mhandisi," nikamwambia.

"Tutakwenda," akasema.

Tarehe 7 Februari

Tumekwenda. Nilisema yangu, akasema yake. Spika alikuwepo.

Mhandisi alikuwa na barua ya Mzee kwenye droo, nadhani, kwa sababu aliigusa droo. Hukumu yake: mimi ukaguzi nimenyang'anywa, narudi kwenye brashi chini ya Mzee hadi mwaka uishe. Kuanzia sasa kadi haisainiwi na mtu ambaye hajaingia ndani. Kuhusu Mzee alisema, "Sitaandika barua kwa maneno ya mtu, mazuri wala mabaya. Unalitengeneza tangi hili sasa. Litafanya kazi mwezi mmoja, nitalifungua. Zinki zikianza kuliwa na rangi ikiwa imeshika, karakana ni yako. Yakitokea malengelenge, nenda nyumbani upumzike."

Mzee akasema ni haki. Mimi niliona ni kali. Sasa nimekaa na kalamu naona labda ni haki kali.

Tarehe 8 Februari

Ovaroli yangu ya zamani bado inanitosha, isipokuwa tumboni.

Tarehe 12 Februari

Rangi ya kwanza imepakwa, na nimezungusha bolti zote mara mbili. Mzee anakagua nyuma yangu kwa kidole. Leo nilimuuliza yale maswali kumi niliyojinyima. Kwa nini rangi ya chungwa inaanza kwenye kona? Kwa nini chuma kikavu kinashika kutu? Amejibu saba. Matatu akasema hajui, kisha akasema, "Usiyaache hayo." Ndugu zangu, nilikuwa nimekosa nini kwa miaka hii yote kukaa ofisini chini ya feni isiyonielekea!

Tarehe 16 Februari

Zinki mpya nane zimefungwa. Mzee alizifunika kwa nailoni tulipopaka mkono wa mwisho, halafu akanipa mimi nizifunue. Zilikuwa zimefifia, zina unga unga. Sikuzigusa.

Tarehe 20 Februari

Maji yameingizwa tangi la pili. Zamu za mitaa zimekwisha. Mama ameacha bomba wazi dakika nzima, kwa makusudi, alisikilize.

Tarehe 27 Februari

Mita: elfu moja na kumi. Nimepanda kupima mwenyewe ingawa si kazi yangu tena. Mhandisi aliniona na hakunikataza. "Namba ni nzuri," akasema, "lakini nataka kuona kwa macho."

Tarehe 6 Machi

Joto la kukausha mate. Mzee amekirudisha kitu kimoja kabatini, kikombe chake cha chai. Nimemuuliza maana yake. Amesema maana yake ana kiu.

Tarehe 13 Machi

Mawingu, bila mvua. Hakuna anayetaja tangi la pili. Tunalizunguka.

Tarehe 23 Machi

Mvua ilianza kunyesha tukiwa tunalimwaga tangi. Mji ukapoa, watu wa usambazaji wakaacha kupiga simu, na Spika akawa hana mtu wa kumpigia kelele.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Mhandisi akavaa kofia ngumu ili aingie, lakini Mzee Brashi alikuwa ameshaweka mikono kwenye tundu. "Ehe," akasema, goti likagonga chuma, akavuta mguu kwa mikono miwili, akapotelea ndani. Mhandisi akamfuata. Mimi nilibaki nje na mvua shingoni, kwa kuwa mpaka rangi haingii hadi aitwe.

Nilisikia wanatambaa kuelekea nyuma ya nguzo. Nikasikia mashine ya sponji inawashwa. Kimya. Nilikuwa nahesabu kimya kile. Iliita mara moja, mara mbili, halafu kimya kirefu tena. Baadaye nikasikia kisu kinakwangua, na sauti ya Mhandisi, chini chini, siyo maneno ya kueleweka.

"Binti!" Mzee akaita. "Njoo!"

Nikajivuta ndani. Walikuwa wamekaa kwenye sakafu ya tangi, Mhandisi na Mzee, kama watu waliomaliza kula. Nyuma ya nguzo rangi ilikuwa laini, hakuna lengelenge hata moja. Mzee akanielekezea tochi kwenye zinki ya kwanza. Ilikuwa imeparuzika, pembe zimeanza kuzama, unga mweupe umejikusanya kila mahali. Mbaya! Nikapitisha kiganja, kikakwaruzwa. Nikaenda ya pili, ya tatu, nikazishika zote nane, huku nacheka na machozi yananitoka, na tangi linarudisha kicheko mara tatu. Sijawahi kuona kitu kibaya kilichonipendeza namna ile.

"Karakana inafunguliwa Jumatatu," Mhandisi akamwambia Mzee. "Wanafunzi sita. Barua utaikuta mezani."

Mzee hakusema asante. Alivua miwani akaifuta kwa tambara lenye rangi, akaichafua zaidi. Kisha akanigeukia mimi. "Jumatatu na wewe uje. Somo la kwanza ni la zinki. Mimi nitawaambia nilisaini bila kuingia. Yaliyobaki ni yako."

Tarehe 25 Machi, Jumapili

Naogopa kuliko siku niliyokwenda kwa Mhandisi. Kule nilikuwa nasema kwa mtu mmoja aliyekwisha kukasirika. Hawa ni sita, hawanijui, na wataanza kunijua kwa hilo.

Mchana nilijaribu mbele ya Mama. Alikuwa anachambua mchele, nikasimama katikati ya jiko, mikono nyuma, nikasema, "Mimi ndiye niliyezipaka rangi zile zinki."

Mama hakuinua macho kwenye ungo.

"Sema kwa sauti, mwanangu," akasema. "Wa nyuma hawatakusikia."